Upande wa Dereva

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima. Shemeji yako anafundisha hesabu vilevile, wanafunzi wanafeli vilevile, na lawama zote anawatupia wao. Mwanangu ameota jino la mbele na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Mwambie Mama dawa ya miguu niliyomtumia ni ya kupaka, si ya kunywa. Namjua. Na kabla hujauliza, sitapiga simu. Mara ya mwisho ulinikatia, na mara ya kabla ya hapo nilikukatia mimi. Kwenye barua angalau unalazimika kunisikiliza mpaka mwisho.

Haya, picha nimeipata. Nimeitazama nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaitazama tena. Hilo ni gari au ghorofa? Umeliinua hivyo ili iweje? Shemeji yako ameuliza kama linakuja na ngazi ya kupandia au mtu anajitafutia yake. Mimi nimelipa jina, Twiga, na ukikasirika ndiyo litashika zaidi.

Nakwambia tena nilichokwambia mwaka jana na mwaka juzi: gari halijiendeshi. Nina miaka kumi na minne nikipeleka chanjo kwenye zahanati za huku milimani kwa gari la kawaida kabisa, springi za kiwandani, tairi za kiwandani, na nyuma nimebeba sanduku la barafu lisilotaka kutikiswa. Sijawahi kulilaza ubavu. Njia ikiwa mbaya napunguza upepo wa tairi, nashuka, naikagua kwa miguu, nachagua mawe yangu, napanda tena. Hiyo ndiyo siri yote, na haiuzwi dukani.

Msafara wa kundi letu ni katikati ya Aprili. Unatujua, watu kumi na tisa wenye akili zao ambao Jumamosi wanaikimbia lami kwenda kutafuta matope na mawe. Ukitaka kuja, azima gari la kawaida nikufundishe. Usije na Twiga kunitia aibu mbele za watu niliozoea kuwaongoza.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Mama ameshaionja. Barua yako imechelewa wiki nzima, na yeye alianza na kijiko kimoja siku ileile dawa ilipofika. Ametema, amesukutua, amekulaumu wewe. Anasema dawa haifai kwa sababu ni chungu. Sasa anapaka, lakini kwa shingo upande.

Tuje kwa Twiga. Jina nimelipenda, nimeliandika mlangoni kwa rangi nyeupe, kwa hiyo asante.

Unasema gari halijiendeshi. Sawa, dada hodari. Oktoba ulipozama kwenye lile tope mpaka milango haifunguki, ulitoka kwa ustadi? Nilidhani ulivutwa na winchi ya Mwenyekiti wenu. Na hiyo winchi nani aliifunga kwenye bampa lake? Mimi. Wewe ulitolewa topeni na kazi ya mikono yangu ukiwa umekaa ndani umekunja mikono, na bado unanihubiria springi za kiwandani. Unanichosha.

Kwako wewe huu ni mchezo wa Jumamosi. Kwangu ni kazi. Wenzako watatu wameniachia magari yao hapa karakana niyajenge kama Twiga, na wengine wanasubiri kuona. Wanasubiri Kizingiti. Lile jiwe lenu la kimo cha kiuno, mnalopanda mmoja mmoja huku korongo likiwa ubavuni, Twiga akilipanda mbele ya macho yao, karakana yangu imesimama. Akishindwa, narudi kuchomelea mageti ya watu mpaka nizeeke. Nimekwambia wazi ili usije ukasema hukujua.

Na Twiga si kimo tu. Nimeweka difu inayofungwa, magurudumu yakizunguka yanazunguka pamoja. Springi ni ndefu, lakini ekseli nimezipanua ili asiyumbe. Bodi niliipata kwa urahisi kwa sababu usukani wake uko kushoto na watu wanaogopa kitu hicho kama ugonjwa. Mimi nilizoea ndani ya siku mbili. Waya wa winchi ni mpya. Nitakuja naye, na nitakuja nyuma yako, na ukikwama nitakuvuta bila kusema neno. Labda moja.

Mdogo wako

6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua imeanza kabla ya wakati wake, na daraja la chini limebaki mbao tatu. Shemeji yako anakusalimu. Mwanangu amemng'ata mwalimu wake wa chekechea kwa lile jino jipya, tumeitwa shuleni, na baba yake akaketi pale kama si mwalimu mwenyewe.

Umesoma barua yangu au umeinusa? Mimi nakuambia habari ya macho na miguu, wewe unaniorodheshea vyuma. Jumanne nilivuka lile daraja nikiwa na chanjo za watoto mia mbili. Mbao tatu, nimekwambia. Nilishuka, nikazipima kwa hatua, nikasogeza moja kwa mkono, nikapita. Kimo cha Twiga kingenisaidia nini pale, niuone mto vizuri zaidi?

Lakini nimeelewa uliponiambia habari ya karakana. Sikujua kwamba mambo yamefika hapo. Basi aje huyo Twiga wako. Nina sharti moja tu na halijadiliwi. Kwenye Kizingiti mimi ndiye nitasimama mbele ya gari kukuelekeza, na utafuata neno langu papo hapo, bila kuuliza, bila "lakini dada". Nakujua wewe. Ukiambiwa kaa, unauliza kwenye kiti gani.

Maneno ni yaleyale ya Baba, Mungu amrehemu, na kundi zima sasa linayatumia. Ukisimama mbele ya gari, kulia kwako ni kushoto kwa mwenzako, na hapo ndipo watu wanapotumbukia. Baba akafuta kulia na kushoto. "Dereva", kata usukani upande anaokaa dereva. "Abiria", upande wa pili. Tulielewa tukiwa bado watoto, tukimwelekeza alipokuwa anarudisha lori lake nyuma uani, na hatukuwahi kugonga hata ndoo. Juzi nimemsikia Mwenyekiti akimfundisha mgeni maneno hayo kama vile kayatunga yeye. Nilifurahi.

Nataka ahadi yako kwa maandishi, ndiyo maana nakuandikia.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama mzima, miguu nafuu. Karakana kuna vumbi na kelele, ndiyo raha yangu.

Ahadi hii hapa, ibandike ukutani: kwenye Kizingiti nitafuata neno lako papo hapo, bila kuuliza, bila "lakini dada". Nimeandika kwa kalamu isiyofutika. Nimeandika nikisaga meno pia, hilo ulijue.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana tena. Natumaini ule mfupa wa bega umeanza kuunga na kwamba Mama hakulishi kwa kijiko kama alivyotishia. Nilimpigia, akanijibu neno mojamoja. Shemeji yako anakuombea. Mwanangu amekuchorea gari. Magurudumu yametazama juu, lakini amechora kwa upendo. Huku mvua imekatika na barabara zinakauka. Daraja wameliongezea mbao. Zahanati ya juu wamepata muuguzi mpya, mpole kweli, anasafisha sanduku la barafu mwenyewe kabla hajanirudishia. Kwa jumla tuko salama.

Nimewaza sana jambo la Kizingiti. Ulikuwa umefika vizuri. Tairi la mbele lilishapanda jiwe, la nyuma lilikuwa linatafuta pa kushika, halafu gari likakata kuelekea korongoni na kulala ubavu. Nadhani ni kimo. Gari la chini lingeyumba tu, likakaa. Lile likishainama halina pa kurudi. Na labda mguu wako ulikuwa mzito kwenye mafuta. Sisemi kwamba ni kosa lako. Nasema ni mambo mengi yaliyokutana.

Mwenyekiti ameandika ripoti. Unamjua, ni daktari wa meno, hawezi kuona shimo bila kuliandikia karatasi. Ameandika kwamba gari lilipinduka kwa sababu ya ujenzi mbaya, na ametaja karakana yako. Mkutano ni tarehe thelathini na moja Mei. Wakiipitisha, gari lolote lililopita mikononi mwako halitaruhusiwa kwenye msafara. Mimi kama kiongozi wa msafara nimetakiwa niandike nilichoona. Sijaandika bado. Kazi zimenibana.

Pole tena. Kunywa maziwa.

Dada yako

9 Mei

Dada,

Shikamoo. Mwandiko usikushangaze. Mkono wangu wa kuandikia ni wa kushoto, na ndio uliofungwa kifuani, kwa hiyo unasoma kazi ya mkono wa kulia. Sitaandika mengi. Mama mzima. Ananilisha kwa kijiko.

Magari mawili kati ya yale matatu yameshachukuliwa. Wenyewe walikuja na waya, wakayafunga nyuma ya gari jingine wakayakokota, springi mpya zikiwa bado sakafuni. Mmoja aliniambia, "Fundi, usinielewe vibaya, nina watoto." Nilimwambia namwelewa. Ningemwambia nini? La tatu liko hapa kwa sababu mwenyewe amesafiri.

Ekseli zilipanuliwa. Kimo nilikipima mara tatu. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki, uliza yeyote aliyekuwa nyuma, taa ziliwaka.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Kaa chini, funga macho, kumbuka ulisema neno gani. Walio nyuma hawakusikia kwa kelele za injini. Tulisikia wawili.

Mimi sitakwenda mkutanoni kusema chochote. Siwezi kusimama mbele ya watu nikamsema dada yangu. Mkono umechoka.

Mdogo wako

4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, najua. Wiki ile barua yako ilipofika kulikuwa na kampeni ya surua, halafu mwanangu akashikwa na homa, halafu gari likaniharibikia klachi. Sasa sote wazima, na klachi ni mpya. Shemeji yako amepata wanafunzi watatu waliofaulu na tangu siku hiyo hatuongei kitu kingine hapa nyumbani.

Nina habari njema. Mkutano umekwisha salama. Mwenyekiti alisoma ripoti yake yote, kurasa nne, na walipotaka kunyoosha mikono nikasimama. Nikawaeleza kwamba ripoti hiyo haina ukweli. Nikawaambia kwamba gari lilikuwa na usukani kushoto, na kwamba mwelekezi, kwa mazoea ya miaka mingi, alikuwa analitazama tairi na si mtu aliyekaa ndani. Maana kwenye magari yetu yote, anayesimama mbele anamwona dereva upande wa mkono wake wa kushoto. Mwelekezi alitaka gari liende upande huo, mbali na korongo, na mdomo ukatoa neno ulilolizoea. Kwa gari lile neno likawa kinyume. Nikasema kwamba fundi alitii, na kwamba gari lilifanya kile lilichoambiwa.

Wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alinishika mkono akasema uongozi ndio huo. Mwenyekiti aliichana ripoti mbele yetu, ingawa nadhani ana nakala. Wameniachia uongozi wangu. Tena wameamua kwamba kuanzia sasa kila gari litabandikwa karatasi yenye neno "Dereva" kwa herufi kubwa kwenye kioo cha mbele, upande anaokaa dereva. Ni wazo langu.

Kwa hiyo jina la karakana ni safi, jambo limekwisha, na wewe uponye bega. Ila kimo bado kimezidi. Punguza hata kiganja kimoja.

Dada yako

20 Juni

Dada,

Mama mzima. Bega limeunga, naweza kushika kalamu kwa mkono wangu halali, na ndiyo maana barua hii utaisoma yote bila kusingizia mwandiko.

Gari moja limerudi. Mwenyewe alikuja amechangamka, ananipiga mgongoni, ananiambia nina bahati ya kuwa na dada mkweli kiasi kile. Nikamwambia ndiyo. Anasema siku ile watu walitokwa na machozi. Nikamwambia ndiyo. Akakaa saa nzima kunisifia wewe huku nimelala chini ya gari lake, na mimi nafunga nati na kuitikia ndiyo, ndiyo. La pili halijarudi. Amepata fundi mwingine.

Sasa nauliza. Huyo mwelekezi ni nani? Namfahamu? Maana nimesoma barua yako mara sita, nimemwona mwelekezi, nimeona mdomo uliotoa neno, nimeona mazoea ya miaka mingi. Sikumwona dada yangu popote. Umewaambia kundi zima, wamekupigia makofi, umeshikwa mkono na mwenye duka la vitambaa. Mimi niliyevunjika hujaniambia kitu. Umeniletea taarifa ya kikao.

Na nikwambie lile nililokuwa nimelimeza. Nililiona. Korongo lilikuwa chini ya dirisha langu, dada, nililitazama mpaka chini, nikakusikia unasema "Dereva". Nilijua si neno lenyewe. Kwa sekunde moja nikasema moyoni, dada anaona tairi mimi nisiloliona, na nimeahidi. Basi nikakata. Maisha yangu yote nimebishana na wewe, juu ya kiti, juu ya chakula, juu ya springi, na siku moja tu niliyokutii kikamilifu ndiyo nikalala ubavu. Ningebisha kama kawaida yangu, Twiga angekuwa juu ya jiwe na sisi tungekuwa tunagombana kwa furaha.

Baada ya hapo wiki sita nimesikia kwamba ni kimo, ni mguu wangu, ni mambo mengi yaliyokutana. Ulijua tangu siku ileile. Ulipokuwa unanivuta kutoka dirishani ulikuwa unajua, niliona uso wako. Ulikaa na jambo hilo huku watu wanakokota magari yao kutoka mlangoni kwangu.

Sitaki makofi na sitaki karatasi kwenye kioo. Habari ya gari na dereva imeniisha hamu, endesha upendavyo, na mimi nitajenga nipendavyo. Mama ameuliza kwa nini barua hii haina shikamoo. Nimemwambia nitaiandika nikishapata jibu.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Nilikosea mimi. Nilisema "Dereva" nilipotakiwa kusema "Abiria". Nilijua hata kabla gari halijamaliza kulala. Niliogopa wataniondoa mbele ya msafara, nikaona afadhali waseme umejenga vibaya, nikakuacha wewe na bega lako na magari yanaondoka. Hukujenga vibaya. Hukuendesha vibaya. Nilikunyang'anya macho yako kwa ile ahadi, halafu sikukutazamia.

Nisamehe.

Hii ni barua ya tano kuandika tangu yako ilipofika. Zile nne ambazo sikuzituma zilianza na salamu na habari za nyumbani, na kila nilipofika kwenye jambo lenyewe karatasi ilikuwa imekwisha.

Dada yako